Joho Jeupe Chini ya Sare

Jipu la kwanza nililolitumbua kwa mkono wangu lilikuwa kwenye paja la mvulana mchunga mbuzi, katika zahanati ambayo baba yangu aliitumikia kwa miaka 26 huko wilayani Kilosa. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi miezi mitatu tu nyuma. Baba alishika kurunzi, akanikabidhi kisu, akasema, "Haya mwanangu, leo wewe." Mkono ulinitetemeka mpaka yule mvulana akaniuliza, "Dada, na wewe unaumwa?" Baba hakuninyang'anya kisu. Aliinama karibu na sikio langu: "Pale ngozi inapong'aa. Usiogope usaha ukitoka. Uogope ukibaki ndani."

Maneno hayo nimetembea nayo mpaka South Carolina, Marekani.

Naishi Columbia na familia yangu, lakini kazi yangu iko nje ya mji. Ni muuguzi wa tiba shufaa. Nawafuata majumbani wagonjwa ambao hospitali imeshasema haina la kuwaongezea. Nawapa dawa za maumivu, nawafunga vidonda, nakaa na ndugu zao usiku ukiwa mrefu. Eneo langu ni Camden na vitongoji vyake, kilomita 50 hivi kaskazini-mashariki, upande wa mto Wateree. Barabara nyingine ni mchanga mtupu katikati ya misonobari, na simu haishiki. Nilipomweleza baba mara ya kwanza alifurahi sana. "Kumbe umevuka bahari yote hiyo kwenda kufanya kazi yangu."

Binti wa mgonjwa wangu mmoja, mama anayependa historia ya mji wao, ndiye aliyenitajia jina la Dk. Simon Baruch. Aliniambia kwamba hospitali iliyofunguliwa Camden mwaka 1913 ilitokana na fedha za Bernard Baruch, yule tajiri wa New York aliyekuja kuwa mshauri wa marais, na kwamba aliitoa kwa heshima ya baba yake, aliyekuwa daktari wa kijijini hapo hapo. Mimi watoto wa matajiri hawanishughulishi. Aliyenishika ni baba. Usiku ule nikasoma simulizi za Bernard juu ya mzee wake, nikakuta kwamba mzee alikuwa na kawaida ya kusema aliingia vitani, vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, akiwa daktari mwenye cheti, lakini hajawahi hata kutumbua jipu.

Nikaweka simu chini. Nikamuona yule mvulana mchunga mbuzi.

Simon alizaliwa mwaka 1840 Schwersenz, mji mdogo karibu na Posen, wakati huo chini ya Prussia, leo ni Poland. Alikuwa Myahudi. Akiwa na miaka 15 alivuka bahari peke yake ili asije akachukuliwa jeshini. Mtu aliyemjua Marekani alikuwa Mannes Baum, mzaliwa wa mji wao aliyekuwa na duka Camden. Kijana akawekwa kutunza vitabu vya duka, na Kiingereza akajifundisha mwenyewe kwa kusoma historia ya Marekani, kamusi ikiwa pembeni. Hapo namwelewa bila kuelezwa. Mtihani wangu wa leseni niliusomea hivyo hivyo, kwenye meza ya jikoni, watoto wamelala, kila mstari una maneno mawili ya kutafuta.

Baum na mkewe waliona kijana ana kichwa. Wakamsomesha udaktari, kwanza Charleston, kisha Richmond, Virginia. Alihitimu mwaka 1862, vita vikiwa vimeshatimiza mwaka, na Baum huyo huyo akamnunulia sare na upanga. Aliyekimbia jeshi la mfalme mmoja akajiunga na jeshi jingine.

Jeshi gani? Hili nataka lisemwe wazi, kwa sababu huku niliko watu wengine hulizungushia maneno. Mwaka 1860 South Carolina ilikuwa na watu 703,708, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu. Tarehe 20 Desemba mwaka ule jimbo likajitoa katika Marekani, na viongozi wake wakaandika sababu zao wenyewe, kwa wino wao: walikuwa wanaulinda utumwa. Jeshi la Kusini lilipigania hilo. Daktari kijana alikwenda kuwafunga vidonda askari wa jeshi hilo.

Mapigano yake makubwa ya kwanza yalikuwa Manassas, Virginia, Agosti 1862. Alifika kwenye hospitali ya uwanja wa vita, akakuta mpasuaji mkubwa yuko kwenye meza, majeruhi mbele yake, mguu wa kukatwa. Mkubwa yule alimwona kijana anatazama, akamkaribisha ashike kisu yeye. Simon akakata, mkubwa akiwa anamwangalia, na kazi ikasifiwa. Najaribu kumfikiria yule mpasuaji mzee. Meza imejaa damu, watu wanalia nje, angeweza kumaliza mwenyewe upesi na vizuri zaidi. Badala yake akasogea pembeni kidogo. Walimu wa namna hiyo ni wachache, na nimebahatika kuzaliwa na mmoja.

Watu hudhani zama zile walikuwa wanakata miguu ya watu waliokuwa macho. La, klorofomu ilikuwepo, na majeshi yote mawili yaliitumia kwa wingi. Kilichokosekana ni maarifa ya vijidudu. Joseph Lister alichapisha kazi yake ya kuua vimelea mwaka 1867, vita vikiwa vimeisha miaka miwili nyuma. Kwa hiyo kisu kilifutwa kwenye aproni kikaingia kwa mtu wa pili, na usaha mweupe mzito ulipotoka walifurahi, wakaona kidonda kinapona vizuri. Risasi za bunduki za wakati ule zilitengenezwa kwa madini ya risasi, laini na nzito. Zikigonga mfupa haziutoboi, zinausaga. Ndiyo maana walikata.

Na bado waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara, taifodi na surua. Meli za Kaskazini zilifunga bandari za Kusini, kwinini ikawa adimu, na huku Kusini malaria ilikuwa ya kila kiangazi. Wakarudi kwenye magome ya miti. Nyuzi za hariri za kushonea nazo zikaisha, wakatumia manyoya ya mkia wa farasi. Na kwa kuwa manyoya hayo ni magumu, waliyachemsha kwanza ili yalainike. Wakaanza kuona vidonda vilivyoshonwa kwa manyoya vinapona vizuri zaidi kuliko vya hariri, na hawakujua ni kwa nini. Jibu lilikuwa ndani ya sufuria.

Septemba 1862 alitekwa Maryland pamoja na majeruhi wake, akabadilishwa na wafungwa wengine. Julai 1863 akawa Gettysburg, Pennsylvania. Hospitali yao ilikuwa nyumba moja ya wageni iliyoitwa Black Horse Tavern, kwenye barabara ya kwenda Fairfield. Jeshi la Kusini liliposhindwa na kuanza kurudi nyuma kwenye mvua ya tarehe 4, walikuwepo majeruhi zaidi ya 200 wasioweza kubebwa. Baruch na madaktari wenzake wawili wakaamriwa wabaki nao. Msafara mzima unaondoka, magari ya majeruhi yanalia matopeni kilomita kwa kilomita, na wewe umesimama mlangoni unawangoja maadui waje wakukamate, kwa sababu ndani kuna mtu ambaye bendeji yake inavuja.

Kwa kazi yangu, ukurasa huo nimeusoma zaidi ya mara moja. Mimi pia ni mtu wa kubaki. Madaktari wakubwa wameshaondoka, mashine zimeshaondolewa, na mimi ndio kwanza naingia.

Baadaye walimpeleka Fort McHenry, Baltimore, gerezani. Huko, badala ya kuhesabu siku, aliandika makala ya kitaalamu juu ya majeruhi wawili waliochomwa singe kifuani, na makala ikachapishwa katika jarida la tiba la Kusini mwaka 1864. Aliyeanza bila kutumbua jipu sasa alikuwa anawafundisha wenzake.

Vita vilimalizikia kwake Thomasville, North Carolina, Machi 1865. Aliambiwa majeruhi wanakuja kwa treni na hakuna hospitali. Akachukua makanisa na majengo ya kiwanda, akatandaza majani makavu ya msonobari sakafuni yawe magodoro, akawaomba wanawake wa mji waoke mikate. Akakata na kushona bila kulala mpaka kichwa kikamuuma kupita kiasi. Ilikuwa taifodi. Alipopata fahamu sawasawa, vita vilikuwa vimekwisha. Akarudi Camden kwa magongo.

Nikamsomea baba habari hizo kwenye simu. Yeye naye ni askari mstaafu, alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa kijana mwenye sanduku la dawa mgongoni, kabla hawajamsomesha uganga wa vijijini. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyo nisingembishia. Ile ya kulaza watu juu ya majani tumeifanya."

Miaka ya Camden baada ya vita ndiyo iliyonifanya nijione nipo nyumbani. Dk. Baruch alikuwa anazunguka kwa kigari cha farasi, mara nyingine na mwanawe Bernard pembeni yake. Fedha haikuwepo, Kusini nzima ilikuwa imefilisika, kwa hiyo watu walimlipa kuni, kuku, mahindi, pamba, au siku ya kazi shambani. Nyuma ya nyumba alikuwa na ekari tatu alizozilima kwa majaribio. Majarida ya kilimo yalikaa karibu na majarida ya tiba, na mkewe Isabelle akinung'unika kwamba muda huo angewapa wagonjwa. Baba yangu alikuwa na mshahara wa serikali, mdogo lakini upo. Hata hivyo sikumbuki wiki ambayo hatukuletewa kitu. Mama alikuwa anajua nani amejifungua salama kwa kutazama kilichofungwa miguu mlangoni.

Kuna ziara moja ambayo Bernard aliisimulia. Walikwenda kwenye kibanda cha mtu Mweusi maskini. Mtoto akabaki kwenye kigari. Mara akamwona baba yake anatoka mbio, anachukua shoka, anazivunja mbao za madirisha moja baada ya nyingine. Ndani, kila kitu kilikuwa kimefungwa ili ubaridi usimpate mgonjwa, na mgonjwa alikuwa anakata pumzi kwa kukosa hewa.

Hilo la madirisha nalijua kwa mikono yangu. Kilosa walikuwa wanaziba kila tundu kwa kanga mtoto akiwa na homa ya mapafu. Huku South Carolina wanavuta mapazia mazito, wanawasha televisheni, na chumba kinanuka dawa na jasho la wiki mbili. Nikiingia, kabla sijafungua begi, natafuta dirisha.

Mwaka 1880 Baruch alikuwa mwenyekiti wa bodi ya afya ya jimbo, akishinikiza watu wachanjwe ndui kwa lazima. Mwaka huo huo, tarehe 5 Julai, rafiki yake Kanali William Shannon aliuawa na Kanali Cash katika pambano la bastola la kutetea heshima. Lilichafua hewa ya eneo lote, na jimbo likatunga sheria ya kukomesha mapambano hayo. Muda si mrefu Baruch aliuza nyumba, shamba na kazi yake akahamia New York. Bernard anataja kwamba jumla ya kila kitu ilikuwa dola 18,000, mavuno ya miaka 16 ya udaktari wa kijijini. Huko New York alipigania mabafu ya umma kwa maskini waliokuwa hawana pa kuoga, akafa mwaka 1921 akiwa na jina kubwa. Ya New York nawaachia wengine.

Nimekuwa nikizunguka jambo moja, na sasa nalifikia.

Siku moja Bernard na kaka yake Hartwig, watoto bado, walipanda darini wakafungua sanduku la baba yao. Juu ilikuwepo sare ya jeshi la Kusini. Wakaitoa. Chini yake wakakuta joho refu jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na kofia ya kufunika uso. Baba yao alikuwa katika Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi. Mama yao akawafuma, akawakemea, akawaapisha wasiseme.

Bernard alisimulia jambo hilo kama mtoto aliyemwona baba yake ni shujaa siku hiyo. Mimi nililisoma nikiwa kwenye gari, nje ya nyumba ya mgonjwa, nikashindwa kushuka kwa dakika kadhaa. Nilijua ni wakati gani huo. Watumwa wameachwa huru, wanaume Weusi wanapiga kura, wengine wamekaa bungeni Columbia, na usiku watu wenye majoho wanawatoa majumbani, wanawachapa, wanawaua. Hali ilifika mahali ambapo Oktoba 1871 Rais Grant alisimamisha haki ya mtu kufikishwa mahakamani katika wilaya 9 za South Carolina, ili jeshi liweze kuwakamata. Fairfield, Lancaster na Chesterfield, zinazopakana na Kershaw ya Camden, zilikuwemo.

Kwa hiyo shoka lililovunja madirisha ya mtu Mweusi apate hewa, na joho. Mikono ile ile. Sijui alilivaa mara ngapi, na jibu lolote halingenitosha. Kulitunza kwenye sanduku ni jibu. Wako watakaosema alikuwa mtu wa wakati wake. Zaidi ya nusu ya watu wa jimbo lake walikuwa pia watu wa wakati ule, na wao walikuwa upande wa pili wa joho.

Mwezi uliofuata tulikwenda Richmond kwenye harusi ya binamu yangu. Jumapili, kabla ya kurudi, nilimwomba mume wangu tupite kwenye chuo alikosomea Baruch. Lile jengo kuu la zamani bado limesimama, lina nguzo nene zilizochongwa kwa mtindo wa Misri, limejengwa mwaka 1845. Karibu yake, mwaka 1994, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi walikuta kisima kilichofukiwa. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya watu zaidi ya 50, watoto wakiwemo, wengi wao wenye asili ya Afrika. Walikuwa maiti zilizopasuliwa na wanafunzi wa udaktari karne ya 19 kisha kutupwa humo. Makaburi ya Weusi ndiyo yaliyokuwa yakifukuliwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuyalinda. Mifupa ilikaa makumbusho Washington kwa miaka mingi, ikarudishwa Richmond mwaka 2019.

Nilisimama pale na viatu vya harusi. Nilikuwa nimemsifu kijana yule kwa kujisomesha na kamusi. Sikuwa nimejiuliza alijifunzia mwili wa nani. Na maarifa hayo hayo, yakipita mkono kwa mkono, kitabu kwa kitabu, yamenifikia mimi: mshipa uko wapi, mfupa unaungana vipi. Mume wangu akanishika bega. Tukakaa kimya mpaka tukavuka mpaka wa North Carolina.

Wakati huo nilikuwa na mgonjwa ambaye hakunitaka.

Alikuwa mzee wa Kizungu, zaidi ya miaka 80, mapafu yamekwisha, amewahi kupigana Vietnam, nyumba iko mwisho wa barabara ya mchanga. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kwenye kiti, mrija wa oksijeni puani, akamwambia binti yake, "Waambie walete mwingine." Hakuniambia mimi. Binti aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Nikatoka, nikapiga simu kazini, nikajibiwa kwamba hakuna mwingine wa kufika huko mpaka wiki ijayo. Nikakaa kwenye gari nikilia kwa hasira, naficha uso nyuma ya usukani. Halafu nikarudi ndani, nikamwambia, "Mzee, ni mimi au maumivu. Chagua." Akageuza uso ukutani. Nikaichukulia kuwa ndiyo.

Kwa wiki tatu hakusema neno zaidi ya kujibu maumivu yako namba ngapi. Chumba kilikuwa giza, mapazia yamefungwa kwa pini. Siku ya nne nilizitoa pini, nikasukuma dirisha. Lilikuwa limegandishwa na rangi, ikabidi niligonge kwa kisigino cha kiganja. Akanifokea. Hewa ya misonobari ikaingia. Nilipomaliza kumbadilisha shuka alikuwa amelala, mdomo wazi, usingizi ambao binti yake alisema hajauona tangu krismasi.

Kisha siku moja aliniuliza, bila kunitazama, baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa askari, na baada ya vita akawa mganga kijijini. Akauliza vita gani. Nikamweleza Kagera, jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyoingia Oktoba 1978 na jinsi Kampala ilivyoanguka Aprili 1979. Alisikiliza yote. Akauliza kama baba hulala. Nikamwambia hapana, si vizuri, huamka saa tisa akakaa nje. Mzee akatikisa kichwa. "Saa tisa," akasema. "Hiyo ndiyo saa yenyewe."

Hakuniomba radhi. Watu wakisikia hadithi hii husubiri hapo, nami nalazimika kuwaambia hakuniomba. Alianza kuniita kwa jina langu, akilitamka vibaya, na alipokufa Februari ni mimi niliyemsikilizia kifua dakika nzima nikamwambia binti yake kwamba basi. Binti akaenda mwenyewe kulifungua dirisha. Nilimhudumia vizuri. Nilimhudumia vizuri kuliko alivyostahili siku ile ya kwanza, na sijawahi kujutia hata dozi moja ya mofini niliyompa. Pia sijasahau "walete mwingine." Nimeacha kujilazimisha kuchagua kimoja.

Usiku wa mazishi yake nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

Hawajambo. Nikamweleza juu ya mzee, kisha, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumweleza, juu ya sanduku la Dk. Baruch na kilichokuwa chini ya sare. Baba alikaa kimya muda mrefu nikadhani bando limekwisha.

"Unaikumbuka stetoskopu yangu?"

Nani asiyeikumbuka. Ya mpira mwekundu, vyuma vyake vizito, imening'inia shingoni mwake miaka yote. Kijiji kizima kimepumulia kwenye kile chuma baridi. Mimi mwenyewe nimejifunzia mapafu kwa hiyo.

"Ilikuwa ya watu," akasema.

"Watu gani, baba?"

"Tulipovuka, mwaka ule wa 79, tuliingia mji mmoja. Watu walikuwa wamekimbia. Kulikuwa na zahanati, mlango wazi. Ilikuwa kwenye msumari. Nikaitoa nikaivaa. Nilijiambia ni kwa ajili ya majeruhi, na kweli niliitumia kwa majeruhi. Wa kwetu na wa kwao. Halafu nikarudi nayo nyumbani." Nikasikia akivuta pumzi. "Sasa yule mganga wa pale, aliporudi, alisikilizia nini?"

Sikuwa na la kusema. Stetoskopu si joho, na sitaki mtu aviweke kwenye mzani mmoja. Baba hakumtoa mtu nyumbani usiku. Lakini alikuwa ameibeba miaka zaidi ya 40, akiponya watu nayo kila siku, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua.

Ameistaafisha siku nyingi. Mpira umekauka, ukiukunja unapasuka. Anasema anataka irudi hata hivyo, na mwanangu wa kwanza ameahidi kumpeleka tukienda Desemba. Jina la mji limemtoka. Anachokumbuka ni mto, daraja la chuma, na mwembe mkubwa mbele ya zahanati, ambao matawi yake yalikuwa yameungua upande mmoja. Wagonjwa wangu wakilala, nafungua ramani kwenye simu nafuata mito ya kusini mwa Uganda mmoja mmoja. Mpaka sasa nimepata miji mitatu yenye daraja.